Uzi: Kongamano la sababu za mabadiliko ya tabianchi hapa Mbeya – tuandae hoja, vipimo na vifaa

#1 MratibuNyanda

Wakuu, kamwene.

Kuna kongamano la siku moja linaandaliwa hapa Mbeya mjini. Washiriki ni kama 120: walimu wa sayansi wa sekondari, maafisa ugani, viongozi wa skimu za mpunga kutoka Mbarali, wakulima wa kahawa wa Mbozi, na wachungaji na mashehe wachache. Mada ni moja: nini kinasababisha mabadiliko ya tabianchi. Rasimu ya kwanza imepangwa kama mdahalo wa pande mbili, "binadamu" huku na "asili" kule, kila upande dakika 40, halafu ukumbi unapiga kura.

Wanaojua mambo haya naomba waikosoe rasimu bila huruma. Nahitaji hoja zinazoandikika ubaoni zikaeleweka, majaribio yanayowezekana kwa vifaa vya dukani, na namna ya kuwajibu watakaokuja na volkano, jua na miti. Bajeti ndogo, projekta moja, umeme wa wasiwasi.

#2 Kipimamvua

Mkuu, kitu cha kwanza futa kura. Ukumbi haupigi kura kuamua maji yanachemka kwa nyuzi ngapi. (Kwa Mbeya yanachemka kwenye 94 hivi, siyo 100. Nitarudi hapo kwenye vipimajoto.)

La pili, swali lako limebeba maswali manne ndani ya gunia moja, ndiyo maana makongamano ya namna hii huishia kwenye kelele. Mmoja anaongelea joto la dunia nzima. Mwingine anaongelea mto Ruaha Mkuu kukauka kiangazi. Wa tatu ana barafu ya Kilimanjaro kichwani. Wa nne analalamikia mvua zilizochelewa msimu huu. Kila moja lina sababu zake, na ushahidi wa moja haulithibitishi lingine. Mtu akionyesha kwamba Ruaha haikaushwi na hewa ukaa, na atakuwa sahihi kwa sehemu kubwa, ukumbi utaondoka unaamini joto la dunia nalo ni uongo.

Kwa hiyo kila mzungumzaji aandike juu ya karatasi yake, kabla ya kufungua mdomo: sababu ya NINI, wapi, tangu mwaka gani. Asiyejaza hapandi jukwaani.

Na huo mgawanyo wa dakika 40 kwa 40 unadanganya wenyewe. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilianzishwa 1988. Ripoti yake ya 1995 ilisema tu kwamba mkono wa binadamu unaanza kuonekana. Ya 2001 ikasema kuna uwezekano mkubwa kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto la karibuni ni ya binadamu, ya 2007 ikapandisha uhakika juu ya asilimia 90, ya 2013 asilimia 95, na ya 2021 ikasema hakuna shaka. Kwenye hiyo ya mwisho, makadirio ya joto lililoongezwa na binadamu hadi muongo wa 2010–2019 ni nyuzi 1.07, na mchango wa jua pamoja na volkano uko kati ya kupunguza 0.1 na kuongeza 0.1. Huwezi kuzipa 1.07 na 0.1 dakika sawa ukaita hiyo haki.

#3 Mwalimu_Ubao

Naunga mkono. Hoja za ubaoni ninazo tatu, zote zinafanyika kwa kikokotoo cha simu.

Ya kwanza ni hesabu ya sanduku. Binadamu anatoa hewa ukaa tani bilioni 40 hivi kwa mwaka, ukijumlisha nishati ya kisukuku na ukataji wa misitu. Ili kiwango angani kipande kwa sehemu 1 kwa milioni zinatakiwa tani bilioni 7.8. Gawanya 40 kwa 7.8, unapata kama 5. Sasa angalia vipimo vya Mauna Loa kule Hawaii, vilivyoanzishwa na Charles David Keeling mwaka 1958: siku hizi kiwango kinapanda kwa 2.5 hivi kwa mwaka, siyo 5. Nusu imekwenda wapi? Imemezwa na bahari, misitu na udongo.

Waeleze kwa mfano wa VICOBA. Wewe unaweka elfu 5 kila wiki, lakini sanduku linaongezeka elfu 2 na mia 5 tu. Maana yake wengine wote, ukiwajumlisha wanaoweka na wanaochukua, wanachukua kuliko wanavyoweka. Hawawezi hao hao kuwa ndio walioujaza mfuko. Bahari na misitu kwa jumla vinachukua, kwa hiyo haviwezi kuwa chanzo cha ongezeko. Hoja hii haihitaji kompyuta wala modeli, na sijaona aliyeipangua.

Ya pili ni jua. Mionzi ya jua inayofika juu ya angahewa ni wati 1,361 kwa mita ya mraba, na katika mzunguko wake wa miaka 11 inabadilika kwa asilimia 0.1 hivi, yaani kama wati 1.4. Lakini dunia ni tufe, siyo sahani, kwa hiyo gawanya kwa 4. Asilimia 30 inarudishwa na mawingu, barafu na mchanga, kwa hiyo zidisha kwa 0.7. Unabaki na wati 0.24, nazo zinapanda na kushuka. Upande wa hewa ukaa, kanuni ya kukadiria ni 5.35 mara logi asilia ya kiwango cha sasa kugawa cha zamani. Chukua 420 kwa 280 ya kabla ya viwanda, ni 1.5. Logi asilia ya 1.5 ni 0.405. Zidisha, unapata wati 2.17, na hizi hazishuki. Kosa la kawaida hapa ni mtu kubonyeza kitufe cha logi ya msingi wa 10. Atapata 0.94 na kudai kanuni imechakachuliwa. Kitufe sahihi kimeandikwa ln.

Ya tatu ni alama za vidole. Jua lingekuwa chanzo, angahewa yote ingepata joto kuanzia juu. Vipimo vya puto na setilaiti vinaonyesha tabaka la chini linapata joto huku stratosfia, tabaka lililo juu yake, ikipoa. Hilo ndilo linalotarajiwa gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto, zikiongezeka. Ukitaka kuonyesha kitu kimoja tu, onyesha hicho.

#4 Jiwe_la_Rungwe

Mwalimu, hesabu zako nazipokea, ila upande wa asili msiutendee kama mpumbavu wa kijiji. Mkienda hivyo wanajiolojia wataondoka saa 4 chai ikiisha.

Mwaka 2005 Ziwa Nyasa lilichorongwa, na mashapo yake yakasoma kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi vya ukame ambavyo ziwa lilishuka kwa mita 600 au zaidi. Ziwa hilo leo lina kina cha mita 700 na ushee. Yaani lilibaki dimbwi, na hapakuwa na lori hata moja barabarani. Nenda Ziwa Kisiba, wengine mnaliita Masoko, hapo hapo Rungwe: tope la chini limehifadhi kumbukumbu ya makumi ya maelfu ya miaka, kavu na mbichi zikipishana.

Pili, Kyejo gesi ya hewa ukaa inatoka ardhini yenyewe hadi inavunwa na kujazwa kwenye mitungi. Hiyo nayo mnaiweka kwenye sanduku gani?

Tatu, barafu ya Vostok kule Antaktika inaonyesha nyakati za kutoka kwenye zama za barafu joto lilianza kupanda, hewa ukaa ikafuata karne kadhaa baadaye. Mtu akiuliza hilo ukumbini mnamjibu nini?

#5 Kaboni13

Ndaga fijo, mkuu. Maswali ya maana hayo. Naanza na Kyejo, maana jibu lake ni tamu na lipo mlangoni petu.

Kaboni ina isotopu, yaani aina zake zenye uzito tofauti. Wengi hukimbilia kaboni 14 na hapo wanateleza: makaa ya mawe hayana kaboni 14 kwa sababu ni ya kale mno, na gesi ya volkano nayo haina. Kwa hiyo kupungua kwa kaboni 14 angani kunaonyesha tu kwamba hewa ukaa mpya ni ya kale, hakutenganishi Kyejo na bomba la moshi. Kinachotenganisha ni kaboni 13.

Mimea huipendelea kaboni 12, kwa hiyo chochote kilichowahi kuwa mmea kina upungufu wa kaboni 13. Kwa kipimo cha sehemu kwa elfu (namba hasi ni upungufu ukilinganisha na kiwango rejea), makaa ya mawe kwa kawaida yako kwenye −25 hivi, mafuta chini kidogo ya hapo. Gesi inayotoka kwenye matumbo ya dunia iko karibu na −5. Hewa ya kabla ya viwanda ilikuwa −6.5 hivi. Sasa fikiria unachanganya rangi. Ukimimina gesi ya −5 kwenye hewa ya −6.5, hewa inasogea juu kuelekea −5. Ukimimina ya −25, inashuka. Vipimo vinasemaje? Imeshuka hadi chini ya −8. Kwa hiyo kilichomiminwa kinafanana na makaa ya Kiwira, hakifanani na gesi ya Kyejo, na vyote viwili viko ukanda mmoja. Weka ramani ya ukanda huo kwenye projekta, chora nukta mbili, wataelewa.

Volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, kwa mwaka mmoja hazifikii asilimia 1 ya hewa ukaa inayotoka kwa binadamu. Na volkano kubwa ikilipuka hupoza: Pinatubo ya Ufilipino mwaka 1991 ilishusha joto la dunia kwa nusu nyuzi hivi mwaka uliofuata, kwa sababu salfa yake ilitanda juu ikakinga jua.

Kipimo kingine: oksijeni angani inapungua, kidogo sana lakini inapimika, sambamba na mafuta yanayochomwa. Volkano haili oksijeni ya kutosha kuleta hilo. Moto unakula.

Ziwa Nyasa na Vostok zina jibu moja. Mzunguko wa dunia kulizunguka jua na mwinamo wa mhimili wake hubadilika kwa vipindi vya miaka 23,000, 41,000 na 100,000 hivi. Huo ndio uliolikausha na kulijaza ziwa. Kule Antaktika mwinamo ulianza kuwasha, bahari ikapata joto ikatema hewa ukaa, hewa ukaa ikaongeza joto, bahari ikatema zaidi. Hewa ukaa inaweza kuwa mtoto na baadaye ikawa mzazi. Safari hii imetangulia, kwa sababu imechimbwa. Na kasi haifanani: kwenye barafu ya Antaktika ya miaka 800,000, kiwango kimecheza kati ya 180 na 300. Tangu 1958 peke yake kimepanda kwa zaidi ya 100.

#6 Jiwe_la_Rungwe

Hapo kwenye kaboni 13 nimekubali, na nitaitumia mwenyewe. Hoja ya Kyejo naiondoa.

Lakini kuna ubishi halali ambao hamjaugusa: ukizidisha hewa ukaa mara mbili, joto linapanda kiasi gani? Ripoti ya Jule Charney ya mwaka 1979 ilisema kati ya nyuzi 1.5 na 4.5. Miaka zaidi ya 40 baadaye IPCC ya 2021 inasema 2.5 hadi 4, katikati 3. Imebanwa, haijafungwa, na mchawi mkubwa ni mawingu: ya chini yanakinga jua, ya juu membamba yanafunika joto, na haijulikani kwa uhakika yatajigawa vipi dunia ikizidi kupata joto. Mchango wa vumbi na moshi nao ni mpana: ripoti hiyo hiyo inaupa kupoza kati ya 0.0 na 0.8. Huo ndio mjadala wa wanasayansi wenyewe. Mratibu, kama unataka mdahalo wa pande mbili, uweke hapo.

#7 MratibuNyanda

Nimefuta kura, na kipindi cha mchana kimekuwa "joto kiasi gani" badala ya "binadamu au asili". Shukrani.

Kuna mwalimu amependekeza jaribio la chupa mbili: moja hewa ya kawaida, nyingine hewa ukaa, taa juu yake, unaonyesha ya hewa ukaa inapata joto zaidi. Tuliweke?

#8 Fundi_Maabara

Usiliweke. Au liweke ukiwa tayari kulivunja mwenyewe mbele ya watu.

Kutengeneza gesi ni rahisi. Kwa chupa ya lita 1.5, kwenye shinikizo la Mbeya ambalo ni kama hektopaskali 830, inatosha bikaboneti ya soda gramu 4.3 na siki ya asilimia 5 mililita 62. Weka mara mbili kwa sababu nyingi itamwagika, yaani vijiko viwili vya chai vya bikaboneti na siki nusu kikombe. Usitumie hamira ya unga ya keki. Ina wanga na tindikali ndani, vipimo vyako vitapotea. Gesi itengenezwe kwenye chupa ya pembeni na ipitishwe kwa mpira, maana siki ikiingia kwenye chupa ya jaribio inabeba mvuke na ubaridi wake.

Chupa ya hewa ukaa itapata joto zaidi, ndiyo. Tatizo ni sababu. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia chini na kuzuia mzunguko wa kupoza chupa. Mwaka 2010 wanafizikia walichapisha jaribio la namna hii wakiweka agoni badala ya hewa ukaa. Agoni si gesijoto kabisa, lakini ni nzito, nayo ilileta joto karibu lile lile. Matokeo sahihi kwa fizikia isiyo sahihi. Akikaa mtu mmoja ukumbini anayejua hilo, asubuhi yako yote imekwisha.

Badala yake tumia kipimo cha hewa ukaa chenyewe, vile vidogo vya mezani vinavyotumia mwanga wa infraredi. Ndani kuna taa, kijumba cha hewa na kigunduzi. Hewa ukaa inameza mwanga wa urefu wa mikromita 4.26, kigunduzi kinaona giza, kioo kinaandika namba. Mwambie mtu apumulie: namba inaruka kutoka mia nne kwenda elfu kadhaa. Kama hewa ukaa isingemeza infraredi, kifaa hicho kisingefanya kazi. Ndicho alichokipima mwanafizikia Tyndall mwaka 1859 kwa mrija. Ongeza kwamba kazi kubwa angani inafanyika kwenye mikromita 15, siyo 4.26. Usifiche hilo.

#9 Kipimamvua

Nyongeza muhimu kwa kipimo hicho. Kinahesabu molekuli zilizomo kijumbani, kisha kinageuza kuwa sehemu kwa milioni kikidhani kiko usawa wa bahari. Mbeya iko mita 1,700 hivi. Zidisha 420 kwa 830, gawa kwa 1013, unapata kama 345. Kifaa kisichorekebishwa kitaandika 345 nje ya ukumbi, na kuna mtu atasimama kusema Mbeya hewa ukaa haijapanda. Ingia kwenye mipangilio uweke mwinuko au shinikizo kabla ya siku. Kama hakina sehemu hiyo, zidisha namba yake kwa 1.22.

Vingi pia vina kujisahihisha kwenyewe: vinachukua namba ya chini kabisa ya wiki na kuiita 400. Kikikaa ofisini wiki nzima madirisha yamefungwa, kitakuwa kimejifunza uongo. Kitoe nje usiku mbili tatu kabla.

#10 Binti_Uporoto

Ile kamera ya joto ya kuchomeka kwenye simu je? Nimeona video: mshumaa nyuma ya mrija, wanajaza hewa ukaa, mwali unapotea kwenye kamera.

#11 Fundi_Maabara

Dada, video hiyo ni ya kweli lakini kamera yake siyo hiyo ya simu. Za simu zinaona mikromita 8 hadi 14, yaani dirisha ambalo hewa ukaa inapitisha mwanga. Utajaza mrija, mwali utaendelea kuonekana vile vile, na ukumbi utacheka. Ile ya video inaona kwenye 4.3 na bei yake ni ya gari.

Cha bei nafuu kinachofaa Nyanda za Juu ni kipimajoto cha bastola, kile cha mafundi wa majokofu chenye uwezo wa kushuka hadi −50. Usije na vile vya paji la uso vya kipindi cha korona. Hivyo vinasoma 32 hadi 42 tu, kwingine vinaandika Lo. Saa 1 asubuhi mwezi wa Julai, elekeza juu moja kwa moja anga ikiwa safi: utaona −20 au chini ya hapo. Wingu likipita, inapanda kuelekea 0 na zaidi. Usikielekeze kwenye jua. Kinachoonekana ni kwamba wingu linarudisha joto jingi chini na anga kavu inarudisha kidogo, na ndiyo sababu Kitulo na Uporoto zinapigwa na jalidi usiku wa nyota, siyo usiku wa mawingu. Mkulima wa viazi anajua hilo tayari. Wewe unampa namba tu. Sema wazi kwamba jaribio hili linaonyesha kazi ya blanketi kwa jumla, na blanketi linaloonekana hapo ni wingu na mvuke.

#12 Kipimamvua

Nilisema nitarudi kwenye vipimajoto. Vya kioo vihakikiwe sehemu mbili: barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji isome 0, na maji yanayochemka yasome 94 hadi 94.5 kwa Mbeya. Kikisoma 100 hapa, kitupe.

Kuhusu takwimu za vituo: omba joto la chini na la juu la kila siku, si wastani peke yake, kwa miaka 30 au zaidi. Wastani wa kulinganisha uwe 1991–2020. Mwezi uliokosa siku 11, au siku 5 mfululizo, usiuhesabu. Mvua ni kali zaidi: siku moja ikikosekana jumla ya mwezi imeharibika. Kipimo cha saa 3 asubuhi kinaandikwa kwenye siku iliyotangulia. Madaftari mengi ya shule yanakosea hapo. Kosa lingine ni silinda ya kioo isiyo ya kipimamvua chake. Silinda ya kipimo cha inchi 8 ikitumiwa kwa kipimo cha inchi 5, mvua yote inagawanywa kwa 2.56. Ukiona kijiji kimepata mvua ya jangwani huku jirani kafurika, angalia silinda kwanza.

Kabla ya kuchora mstari wa mwelekeo, toa kituo kimoja kwenye kingine, kwa mfano Mbeya kutoa Iringa. Tofauti ikiruka ghafla mwaka mmoja, kituo kimehamishwa au kibanda kimebadilishwa. Tofauti ikipanda polepole upande mmoja tu, angalia mji uliokua kukizunguka. Vituo vyote vikipanda pamoja ndipo uongelee tabianchi. Na usilete Mbeya ule ubishi wa masika kupungua Afrika Mashariki. Huo ni wa maeneo yenye misimu miwili. Sisi tuna mmoja, Novemba hadi Aprili.

#13 Banio_Mbarali

Nasubiri mfike Ruaha, maana hapo ndipo viongozi wa skimu watakaa mkao wa kupigana.

Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Kila mtu ana mshtakiwa wake: ng'ombe, mpunga, milingoti, vinyungu (bustani za mabondeni) vya milimani, mabadiliko ya tabianchi. Tafiti zilizofuata Usangu zilionyesha mvua za milimani hazikupungua kiasi cha kueleza mto kukauka. Kilichobadilika ni maji yanayochepushwa kiangazi.

Ufundi wake uko hivi. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine inaingia tindiga (kinamasi) la Ihefu, na maji yanatokea kwenye kizingiti cha mwamba Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya kizingiti, hakitoki kitu. Chukua mfano wa tindiga la kilomita za mraba 80 na uvukizaji wa milimita 6 kwa siku. Milimita 1 juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000, kwa hiyo linapoteza 480,000 kwa siku. Gawa kwa sekunde 86,400, ni mita za ujazo 5.6 kwa sekunde. Yaani mito yote ikiingiza chini ya 5.6, jua linakunywa yote na hifadhi haipati tone. Ndiyo maana kuchepusha kidogo juu kunaua kikubwa chini: ukiwa na 6 ukachukua 1, hujapunguza mto kwa sehemu moja ya sita, umeufunga.

Na maji mengi ya kiangazi hayaendi kwenye mpunga. Mpunga umeshavunwa, banio (lango la kuingizia maji mferejini) limeachwa wazi, mfereji unatiririka kwa ajili ya ndoo za nyumbani na vibustani, na mengi yanaishia kwenye mashamba matupu. Mlango wa banio wa mbao hauzibi. Wa chuma una skrubu iliyoibwa. Kisima chenye pampu ya mkono kando ya mfereji kinaondoa sababu ya kuuacha wazi. Hili halihitaji mikataba ya tabianchi ya Paris wala Kyoto.

Joto likipanda uvukizaji unapanda, kwa hiyo tabianchi itaongeza mzigo. Lakini anayesimama kusema "Ruaha ni tabianchi" anawapa wenye mabanio pa kujificha.

#14 Jiwe_la_Rungwe

Post ya mwaka. Kilimanjaro ifanyiwe hivyo hivyo: eneo la barafu lilikuwa kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na hadi 2007 asilimia 85 ilikuwa imekwenda. Lakini kusinyaa kulianza tangu karne ya 19, na kileleni wastani ni nyuzi −7 hivi. Kundi moja la watafiti linasema ukavu ndio chanzo kikubwa, barafu inageuka mvuke bila kuyeyuka. Lingine linaonyesha alama za kuyeyuka juu kabisa ya kipande cha barafu kilichochorongwa ambazo hazionekani chini yake kwa miaka zaidi ya 11,000. Mwachieni mtu wa fizikia na mtu wa jiolojia dakika 10 kila mmoja. Ndiyo ubishi wenye pande mbili za kweli.

#15 MratibuNyanda

Rasimu mpya, wakuu:

Saa 2:30 hadi 3:15, anga na kipimajoto cha bastola, nje ya ukumbi. Saa 3:15 hadi 4:30, hesabu ya sanduku, jua na kaboni 13, ubaoni, projekta izimwe. Chai. Saa 5 hadi 6:30, Ruaha, viongozi wa skimu wakiwa mezani siyo kwenye viti vya wasikilizaji. Chakula. Saa 8 hadi 9, Kilimanjaro. Saa 9 hadi 10, joto kiasi gani: mawingu na vumbi. Kila mzungumzaji dakika 7, na karatasi yake iwe na mstari mmoja wa ziada: kipimo gani kikionekana nitabadili msimamo.

Nimekosea wapi?

#16 Mwalimu_Ubao

Ruaha ipelekwe mchana, Kilimanjaro asubuhi. Ukiweka Ruaha kabla ya chakula hamtakula. Na mchungaji mmoja atasimama na Mwanzo 8:22, kwamba majira hayatakoma. Usimbishie. Aya haijasema majira yatakuwa na nyuzi ngapi.

#17 Fundi_Maabara

Saa 2:30 kwa Julai bado inafaa, kwa Novemba hapana: anga ina mvuke na mawingu, utasoma +5 kila mahali. Kama tarehe itaangukia msimu wa mvua, chukua vipimo usiku wa kuamkia siku hiyo na usiku mwingine wenye mawingu, uviandike ubaoni. Kipimo cha hewa ukaa kiwekwe katikati ya ukumbi, siyo karibu na jukwaa, na madirisha yafungwe nusu saa ya kwanza. Watu 120 wataipandisha juu ya 1,500 wenyewe. Beba betri zake mbili za akiba, na chaki.